Kigoma ina maji, Tabora ina mwamba: mtambo wa nyuklia ungewekwa wapi?

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani Namtumbo, mkoani Ruvuma, Julai 2025, mazungumzo ya umeme wa nyuklia yametoka kwenye meza za wataalamu na kufika kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma. Wengi huuliza mtambo utagharimu kiasi gani na utatoa megawati ngapi. Mimi nimezaliwa Tabora na nimefundisha jiografia Kigoma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali linalonikaa kichwani ni jingine: mtambo kama huo ungewekwa wapi? Siandiki kuhusu mradi wowote uliotangazwa. Ninaichukua mikoa hii miwili kwa sababu ninaijua kwa miguu, na kwa sababu inaonyesha ugumu wa jambo hili waziwazi: palipo na maji mengi ardhi hutikisika, na palipo na ardhi tulivu maji hayatoshi.

Kazi ya kutafuta eneo huanza kwa kukataa. Wataalamu huchukua nchi nzima au ukanda mzima, wakaondoa kwanza kila sehemu yenye kasoro isiyotibika, kisha yale machache yanayobaki hulinganishwa kwa maji, watu, barabara na njia za umeme, na mwishowe eneo moja au mawili huchunguzwa kwa miaka mingi kabla ya zege lolote kumwagwa. Uchunguzi huo haukomi hata mtambo ukishaanza kufanya kazi, kwa sababu mji unaweza kukua, mto unaweza kuhama, na elimu kuhusu matetemeko inaweza kubadilika. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo kanuni zake za tathmini ya maeneo zilitolewa upya mwaka 2019, linataka matetemeko yachunguzwe kwa maduara manne: la kwanza lenye nusukipenyo cha kilomita 300 hivi, la pili la kilomita 25 au zaidi, la tatu la kilomita 5, na la mwisho ni eneo lenyewe la mtambo, ambalo ni kama kilomita moja ya mraba. Kadiri duara linavyokuwa dogo ndivyo uchunguzi unavyozidi kuwa wa karibu, mpaka watu wanachimba mitaro mirefu na kuzisoma tabaka za udongo kwa macho.

Tuanze na Kigoma. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na kina chake cha mita zipatazo 1,470, cha pili duniani baada ya Baikal, kimetokana na ardhi iliyopasuka na kudidimia kwa mamilioni ya miaka. Kazi hiyo haijaisha. Tarehe 5 Desemba 2005, mchana, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa, karibu zaidi na Kalemie upande wa Kongo, ambako nyumba ziliporomoka na watu wakapoteza maisha. Mtikisiko wake ulisikika hadi Nairobi. Sisi tuliokuwa Kigoma siku hiyo tunakumbuka mabati yalivyolia juu ya vichwa vyetu na wanafunzi walivyotoka darasani bila kuamriwa. Kusini yetu, upande wa Rukwa, Desemba 1910 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 7 na zaidi, ambalo linahesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne iliyopita.

Hapa kuna tofauti ambayo naona hukosewa sana katika mijadala yetu. Kutikisika kwa ardhi, kwa kiasi kikubwa, wahandisi wanaweza kukabiliana nako. Mtambo wa Koeberg, karibu na Cape Town, ambao vinu vyake viwili vilianza kutoa umeme mwaka 1984 na 1985, umejengwa juu ya bamba kubwa la zege lililolazwa juu ya pedi za mpira ili jengo lisipokee nguvu yote ya mtikisiko. Lakini ardhi inayopasuka na kuhama chini ya kinu chenyewe haina dawa ya kihandisi inayoaminika. Upande mmoja wa jengo ukienda huku na mwingine kule, hakuna bomba wala ukuta utakaovumilia. Kwa hiyo mpasuko ulio hai chini ya eneo ni sababu ya kulikataa, hata kama mambo mengine yote ni mazuri. Kule California, kampuni ya umeme ilikuwa tayari imechimba shimo la kinu Bodega Head wakati wanajiolojia walipouona mpasuko ndani ya shimo lilelile, si mbali na ufa maarufu wa San Andreas. Mwaka 1964 mpango uliachwa. Japani ilikwenda mbali zaidi Novemba 2024, pale msimamizi wa usalama wa nyuklia alipokataa kinu cha pili cha Tsuruga kuwashwa tena kwa kuwa mwenye mtambo hakuweza kuondoa uwezekano kwamba kuna mpasuko hai chini yake. Msomaji aone mzigo wa ushahidi umewekwa wapi: si raia anayepaswa kuthibitisha hatari, ni mjenzi anayepaswa kuthibitisha kwamba haipo. Na kuona mpasuko wakati bado kuna shimo tupu ni heri kubwa. Ufilipino ilimaliza kujenga mtambo wa Bataan kwa zaidi ya dola bilioni 2, karibu na mlima wa volkano wa Natib, na mtambo huo haujawahi kutoa hata uniti moja ya umeme.

Sasa ukingo wa ziwa. Watu wanaposikia kwamba mtambo unahitaji maji mengi, mara moja wanaona Ziwa Tanganyika kuwa jibu, na ni kweli kwamba ziwa hili linabeba takriban asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi duniani. Lakini ziwa hili halikai mahali pamoja. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 zilisababisha maji kupanda mpaka nyumba za kandokando zikaingiliwa, na ukipita Kibirizi wakati ule uliona miembe imesimama ndani ya maji na kuta zenye mstari wa kahawia kifuani pa mtu. Watu wengi walilichukulia kuwa jambo jipya kabisa. Sio jipya. Katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, kwa sababu mlango wa mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani, ulikuwa umezibwa na mashapo na mimea. Maji yalipouvunja mzibo huo kuelekea mwisho wa muongo, ziwa likashuka kwa miaka mingi mfululizo. Nenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Wakati ule maji yalikuwa jirani na pale. Leo kutoka kwenye mnara ule mpaka majini ni mwendo wa miguu, na katikati pana nyumba na mashamba.

Mhandisi atakayekuja na takwimu za kina cha ziwa za miaka 30 ataona ziwa lenye adabu. Mhandisi atakayekuja na habari za miaka 150 ataona ziwa tofauti kabisa. Tofauti ya wahandisi hao wawili ndiyo iliyoamua hatima ya mitambo miwili ya pwani moja ya Japani tarehe 11 Machi 2011. Fukushima Daiichi ilijengwa kwenye genge lililokuwa na urefu wa mita 35 hivi, likachongwa mpaka mita 10 ili maji ya bahari yavutwe kwa urahisi. Kinga yake ilihesabiwa kwa wimbi lisilofika mita 6, na lililokuja lilikuwa na mita 14 hivi, likazamisha jenereta za dizeli zilizowekwa vyumba vya chini. Onagawa, uliokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, ulikuwa umeinuliwa karibu mita 15 juu ya bahari kwa msisitizo wa mhandisi Yanosuke Hirai, aliyekumbuka habari za wimbi kubwa la mwaka 869. Wimbi lilifika mita 13. Mtambo ukabaki salama, na wanavijiji waliopoteza nyumba wakapata hifadhi ndani ya uzio wake. Sijui hoja iliyo nzito kuliko hii kwa mtu anayedharau kumbukumbu za wazee wa mahali.

Tena hatari hazina tabia ya kuja moja moja. Desemba 1999, mtambo wa Blayais kusini-magharibi mwa Ufaransa ulifurika kwa sababu maji kupwa na kujaa ya mlango wa mto yalikutana na dhoruba, mambo ambayo yalihesabiwa kila moja peke yake. Kwa Kigoma ningetaka kuona hesabu ya ziwa lililojaa, pamoja na upepo mkali wa kusi unaosukuma maji upande mmoja, pamoja na tetemeko linaloporomosha ukingo chini ya maji, vyote kwa siku moja.

Mzee mmoja mvuvi, niliyekuwa nikimweleza mambo haya akiwa anaanika dagaa, aliniuliza swali ambalo lilifaa kuulizwa na kamati ya wataalamu. "Mwalimu, hayo maji wakishamaliza kuyatumia, yanarudi ziwani yakiwa ya moto?" Nilimjibu, "Ndiyo, mzee wangu, yanarudi na joto, ingawa hayapaswi kurudi na mionzi." Akatikisa kichwa: "Basi waje kwanza watuulize dagaa anapenda wapi."

Jibu kamili ni hili. Kinu kinachotoa megawati 1,000 za umeme huzalisha karibu megawati 3,000 za joto, na theluthi mbili ya joto hilo lazima litupwe mahali fulani. Likitupwa moja kwa moja ziwani, maji ya eneo hilo hupata joto jipya mwaka mzima, katika ziwa ambalo tabaka zake hazichanganyiki kirahisi. Maji ya chini ya ziwa hili hayana oksijeni na yana salfidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu. Virutubisho vingi vimelala huko, na dagaa na migebuka hutegemea kiasi kidogo kinachopandishwa juu na upepo. Anayefikiri kwamba atavuta maji ya kina kirefu na kuyamwaga juu, na aeleze kwanza atafanya nini na sumu hiyo. Zaidi ya hayo, maji ya ziwa hili hukaa humo kwa karne nyingi kabla ya kutoka kwa Lukuga au kwa mvuke, hivyo kosa lolote la mionzi halitachukuliwa na mkondo likapotea. Lingebaki kwa Watanzania, Warundi, Wakongo na Wazambia, ambao nchi zao zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa hili kwa pamoja mwaka 2003 na zina mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura. Eneo la ukingoni mwa Kigoma, kwa maana hiyo, haliwezi kuwa uamuzi wa Dodoma peke yake.

Kwa hayo yote, kwa maoni yangu ukingo wa ziwa ungeondolewa mapema katika orodha. Ndipo macho yanageukia mashariki, kwa watani zetu Wanyamwezi.

Tabora imekaa juu ya mwamba wa kale sana, graniti na jamaa zake zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambazo Bonde la Ufa limezizunguka pande mbili bila kuzipasua katikati. Aliyekulia kule anayajua majabali yale ya mviringo yanayochomoza katikati ya mashamba ya tumbaku. Mwamba mgumu wa namna hiyo haukuzi mtikisiko kama yanavyofanya mashapo laini ya bondeni, na jengo zito hukaa juu yake bila kuzama. Hata hivyo, utulivu huo usichukuliwe kama cheti. Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu Kagera, mahali ambapo wengi wetu hatukuwa na mazoea ya kupaogopa. Na maduara yale niliyoyataja yana matokeo ya kuvutia huku: ukichora duara la kilomita 300 kutoka Tabora mjini, mji wa Kigoma unabaki nje kidogo, ukilichora kutoka Kaliua, ziwa linaingia ndani pamoja na mipasuko yake. Kusogea kilomita mia moja kunabadilisha kazi yote ya uchunguzi.

Tatizo la Tabora ni lile ambalo kila mama aliyewahi kupanga ndoo kwenye bomba la mtaa analijua. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha jua. Kwa miaka mingi mji ulitegemea bwawa la Igombe, mpaka maji ya Ziwa Viktoria yalipoletwa kwa bomba kupitia Nzega. Kinu cha megawati 1,000 kinachotumia minara ya kupozea hupoteza kwa mvuke maji yanayokadiriwa kuwa kati ya mita za ujazo 40,000 na 60,000 kila siku, na maji hayo hayarudi. Mtu anaweza kunitajia Palo Verde, mtambo mkubwa wenye vinu vitatu katikati ya jangwa la Arizona, usio na mto wala ziwa. Ni mfano wa kweli, na ninaupenda. Lakini mtambo ule hupozwa kwa majitaka yaliyosafishwa kutoka Phoenix na miji jirani, zaidi ya mita za ujazo milioni 70 kwa mwaka; nyuma yake kuna mamilioni ya watu wenye mabomba ya majitaka. Tabora haina majitaka ya kiasi hicho, na kuyachukua maji ya kunywa ya watu ili kupozea kinu lisingekuwa jambo la kuzungumzika.

Kuna pia wanaosema litajengwa bwawa kwenye Malagarasi au Ugalla. Wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya bonde la Malagarasi na Muyovozi ni ardhi oevu iliyotambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2000. Na wakumbuke mtambo wa nyuklia wa Zaporizhzhia, Ukraine, ambako bwawa la Kakhovka lilibomolewa tarehe 6 Juni 2023 na mtambo ukapoteza chanzo chake kikuu cha maji ndani ya siku chache. Vinu vilikuwa vimezimwa na kulikuwa na bwawa dogo la pembeni, wakachimba visima, hali ikahimilika. Kinu hakizimiki kama jiko la mkaa linavyomwagiwa maji: mara tu kinaposimamishwa, mafuta yake bado hutoa asilimia 6 au 7 ya joto la awali, na hata baada ya siku nzima bado kuna karibu nusu ya asilimia moja, ambayo kwa kinu kikubwa ni megawati kadhaa za joto zinazohitaji maji usiku na mchana. Ndiyo maana chanzo kimoja cha maji, hata kiwe kikubwa namna gani, hakitoshi.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka. Desturi inayokubalika ni kwamba kinu kimoja kisizidi kama asilimia 10 ya gridi, ili kikizimika ghafla nchi nzima isiingie gizani. Kwa gridi yetu ya takriban megawati 4,000, hiyo ni megawati 400, wakati kila kimoja cha vinu vinne vinavyojengwa El Dabaa, Misri, ni cha megawati 1,200. Vinu vidogo vinavyozungumzwa sasa vingepunguza tatizo hilo na lile la maji, lakini havipunguzi hata kidogo haja ya kuijua ardhi. Gamba la kinu kikubwa lina uzito wa zaidi ya tani 300, na kulifikisha Tabora kwa reli au barabara ni kazi ya kupimwa daraja kwa daraja.

La watu siwezi kulipitia haraka. Miongozo ya dharura kwa vinu vikubwa huweka eneo la kilomita 3 hadi 5 ambalo watu huhamishwa kabla hata ya mionzi kutoka, na jingine la kilomita 15 hadi 30 la kuchukua hatua mara moja. Ukilichora duara hilo la pili katika wilaya ya Kasulu, unaweza kuingiza kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, yenye makumi ya maelfu ya watu ambao wameshakimbia mara moja katika maisha yao. Ukilichora magharibi mwa Tabora, utapata vijiji vilivyotawanyika, barabara za vumbi ambazo masika hazipitiki, na wagonjwa ambao hospitali yao iko mbali. Mpango wa kuwahamisha watu ambao hautekelezeki mwezi Februari si mpango. Kenya imeonyesha upande mwingine wa jambo hilihili: eneo la Uyombo, Kilifi, lilipendekezwa, lakini wavuvi na wakulima wa pale wakapinga hadharani mwaka 2024, na baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kwenye Ziwa Viktoria. Ninaamini wale watu wa Uyombo hawakuwa adui wa maendeleo. Waliletewa jibu kabla ya kuulizwa swali, wakati elimu yao kuhusu upepo, mikondo na samaki wa pwani ile ingekuwa sehemu ya tathmini yenyewe.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba uamuzi wa kujenga au kutojenga unaweza kusubiri, lakini upimaji hauwezi. Kumbukumbu za matetemeko madogo, za kina cha maji, za upepo na za maji ya chini ya ardhi haziwezi kununuliwa siku ya zabuni. Hupatikana kwa kukaa na vifaa mahali pamoja miaka na miaka. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Mamlaka ya Hali ya Hewa na Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, zinaweza kuongeza vituo vya kudumu kati ya Kigoma na Tabora hata kama hakuna kinu kitakachojengwa huku kamwe, kwa kuwa takwimu hizohizo zinahitajika kwa reli, mabwawa na hospitali. Takwimu ziwekwe wazi, na kila eneo litakalokataliwa litangazwe pamoja na sababu zake, ili kizazi kijacho kisilirudie kwa kutojua.

Na ipo kazi moja ambayo haihitaji wizara. Alama za maji ya 2020 na 2021 bado zinaonekana kwenye baadhi ya kuta za Kibirizi, Katonga na Ujiji, ingawa wenye nyumba wameanza kupiga lipu na rangi mpya. Mpima ardhi wa halmashauri, akiwa na kifaa chake na wanafunzi wachache wa kushika fimbo ya kupimia, anaweza kupima urefu wake juu ya usawa wa bahari kabla ya masika yajayo. Wanafunzi ninao, na nimeshaandika barua.